Mama asibaki hotelini, mtafutieni kiti chake

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua na ikiwezekana usiipunguze sana, maana nina mengi na hili jambo linanigusa mwenyewe. Wiki iliyopita mlitoa barua ya kaka mmoja, anasema anaipeleka familia kwenye bustani kubwa ya burudani, zile zenye rolakosta na mabembea ya kuzunguka na maonyesho na fataki usiku, watoto wanahesabu siku, ila mama yake magoti yamekwisha, akitoka mlangoni hadi kwenye gari lazima akae kwanza apumue. Kwa hiyo wameamua mama abaki hotelini apumzike, jioni wakirudi watamwonyesha picha kwenye simu. Akamalizia kwa kuuliza kama kuna msomaji mwenye wazo jingine. Mimi ninalo, na ninalo kwa sababu nimewahi kuwa huyo mama.

Nina baridi yabisi, ile inayokula viungo, ilinianza nikiwa na miaka 31. Leo magoti, nyonga na vifundo vya mikono vyote vimechoka. Kutembea natembea, hatua 20, siku nzuri 30, halafu lazima nikae. Hii ndo hali ya watu wengi kuliko wasomaji wanavyodhani, sio kila anayekaa kwenye kiti cha magurudumu amepooza, wengine miguu ipo ila haifiki mbali. Na bustani hizi zenyewe ni umbali mtupu. Chukua Walt Disney World ya Florida kule Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1971, ndani ya EPCOT kuna sehemu ya mabanda ya nchi mbalimbali yaliyozunguka ziwa, ukilizunguka mara moja tu umeshakwenda karibu kilomita 2, na hapo ni kipande cha bustani moja kati ya 4 zilizopo pale. Sisi tulienda kwingine, lakini simu ya mwanangu mkubwa kufikia jioni ilisoma kilomita 13, na wala hawakukimbia. Mtu wa hatua 30 anaingia wapi hapo?

Najua jibu la haraka ambalo kaka huyu atapewa: si mkodi kiti cha kusukuma pale getini, vijana mpokezane kumsukuma bibi yao. Nimepita huko. Mume wangu alinisukuma siku nzima kwenye kiti cha kukodi, kizito, kitairi kimoja cha mbele kinatikisika, na yeye mgongo unamsumbua. Nakuambia kaka, kusukumwa na kujiendesha ni vitu viwili mbali kabisa. Ukisukumwa unaangalia kule ulikogeuziwa. Mume wangu akisimama kuongea na watoto mimi nimeelekezwa ukutani, nawasikia wanacheka nyuma yangu sijui wanachekea nini, nageuza shingo, na shingo nayo inauma. Nikiona kitu kizuri pembeni nimeshapitishwa, na kumwambia anirudishe nyuma naona aibu kwa sababu namsikia anavyohema kwenye mlima. Kwa hiyo unaanza kunyamaza. Unasema hapana sina haja ya kwenda kule, nimeona, inatosha, twendeni tu. Mchana wote nilisema "inatosha" mpaka binti yangu akaniuliza mama mbona hupendi kitu chochote leo. Nilipenda vyote. Nilikuwa nahesabu pumzi za baba yake.

Na mtu akisema basi mama ajisukume mwenyewe kwa mikono, viganja na vifundo vya mikono vya mtu mwenye baridi yabisi haviwezi kusukuma ringi mita 200, na mama mwenye umri ule mabega hayatakubali. Ndo maana nasema kitimwendo cha umeme, na nasema kile chepesi kinachokunjika, sio lile dude zito.

Wengi wakisikia kitimwendo cha umeme wanakumbuka yale makubwa, yenye betri za asidi chini ya kiti, kilo 100 na zaidi, hayo bila gari maalumu lenye rampu au lifti huendi nayo popote. Hayo yana watu wake na yanawafaa sana. Lakini siku hizi kuna vyepesi vya fremu ya alumini au kaboni, mota mbili ndogo kwenye matairi ya nyuma na betri ya lithiamu inayochomoka. Vile vya kaboni vyepesi kabisa unavikuta kilo 13 au 15 bila betri, vya alumini vingi viko kati ya kilo 20 na 30. Kinakunjwa kama kigari cha mtoto, kinalala kwenye buti la gari la kawaida. Na wazo la kukunja sio la jana, mwaka 1933 kule Marekani Herbert Everest, injinia wa migodi aliyevunjika mgongo kwenye ajali ya mgodini, pamoja na rafiki yake Harry Jennings walitengeneza kiti cha chuma cha kukunjika ili kiingie kwenye gari, maana kabla ya hapo viti vilikuwa mizigo isiyobebeka. Cha umeme kilikuja baada ya vita kuu ya pili, George Klein na wenzake kule Kanada wakiwatengenezea wanajeshi waliorudi wamepooza ambao hata mikono haikuwa na nguvu za kusukuma. Hivi vya leo ndo vimeunganisha vitu hivyo viwili, kwamba kinajiendesha na kinakunjika, na kwa mtu kama mimi ni muungano wa maana sana.

Siku yangu ya kwanza na kiti changu kwenye bustani ya burudani sitaisahau. Tumepita getini, watoto wanabishana waanzie wapi, mimi nikaona upande wa kushoto kuna chemchemi inarusha maji juu kwa mpangilio na mziki. Nikasukuma joistiki, kile kijiti cha kuendeshea kiti, nikaenda. Peke yangu. Sikumuomba mtu. Nilikaa pale dakika kama 5 hivi nikiangalia maji, nilipogeuka mume wangu alikuwa kasimama kule mbali ananiangalia, hajanifuata, ameniacha tu. Miaka 4 sikuwahi kuondoka mahali kwenda mahali kwa kutaka mwenyewe nje ya nyumba. Ndo kitu ninachomwombea mama wa huyu kaka, wala sio rolakosta.

Sasa niende kwenye mambo ya kujua kabla hamjanunua au kukodi, maana wauzaji husema nusu.

Kwanza wepesi. Kila tangazo linataja kilo bila betri, na betri yenyewe inaweza kuongeza kilo 2 au 3, ukiweka na mto wa kukalia na mfuko inapanda tena. Muulize yule atakayekinyanyua kwenye buti kila siku, sio atakayekikalia, yeye ndo wepesi unamhusu. Kwetu ni mume wangu na mwanangu, walienda dukani wakakinyanyua mara kadhaa kabla hatujalipa. Halafu wepesi una gharama yake nyingine, vingi vya hivi havina shokapu za maana na vitairi vya mbele ni vidogo, kwenye lami na saruji laini kinateleza vizuri sana ila kwenye mawe ya kupanga unatikisika mpaka meno, na kwenye changarawe au mchanga kinazama. Bustani nyingi zimejengwa zifanane na vijiji vya zamani, kwa hiyo mawe ya kupanga yapo, reli za vitreni zipo, na mifuniko ya mitaro yenye nafasi zipo. Reli ivukwe kwa kukata moja kwa moja, sio kwa mshazari, kitairi kidogo kikiingia kwenye mfereji wa reli kimenasa na wewe unaendelea mbele.

Mfuko usining'inizwe nyuma ya kiti. Hili nalisema kwa nguvu maana kila mtu anafanya, koti, maji, vitu vya watoto, vyote vinatundikwa mgongoni kwa mama kama kwenye toroli. Kiti kizito cha kilo 100 hakijali, lakini hiki chepesi ukipanda mlima uzito wote unaenda nyuma na vitairi vya mbele vinanyanyuka. Vile vigurudumu vidogo vya nyuma vya kuzuia kupinduka visitolewe hata kama mtu anasema vinamgonga miguu. Mizigo iwekwe chini ya kiti au wabebe vijana.

Kuhusu betri, kiwango kilichoandikwa kwenye boksi, tuseme kilomita 20, kimepimwa sehemu tambarare, mtu mwepesi, mwendo mmoja bila kusimama simama. Bustanini ni simama nenda simama nenda, vilima, joto, foleni, mimi nahesabu nusu yake tu, ikizidi nashukuru. Tukikaa kula mchana nachaji, nimejifunza kuuliza mapema plagi iko wapi kabla taa haijawa nyekundu, na betri isiachwe kwenye gari lililofungwa juani, lithiamu na joto havipatani. Kama uwezo upo, betri ya pili ni bora kuliko kiti cha bei zaidi. Mvua nayo, viti vingi vya hivi vinavumilia manyunyu lakini joistiki ndo roho yake, maji yakiingia pale siku imeisha, kwa hiyo nina mfuko wa plastiki wa kuivisha na raba ya kubania. Na zile bembea za maji zinazorushia watu walio nje, kaa mbali nazo.

Kama mtasafiri kwa ndege, angalieni betri kabla ya kitu kingine chochote. Kanuni za usafiri wa anga wa kimataifa zinasema betri ya lithiamu ya kiti kinachokunjika na kuchomolewa betri isizidi wati-saa 300, au kama kiti kina betri 2 basi kila moja isizidi 160, na betri hiyo inachomolewa inaingia na wewe ndani ya ndege, haiendi kwenye mizigo. Hesabu yake ni rahisi, chukua volti zidisha kwa ampea-saa, volti 24 mara ampea-saa 10 ni wati-saa 240, kwa kiti cha betri moja iko chini ya 300, unaruhusiwa. Shirika liambiwe siku kadhaa kabla na karatasi ya betri iwe mkononi, kwenye kaunta sio mahali pa kuanza kubishana.

Watu watauliza kwa nini isiwe skuta, zile za usukani zinazokodishwa getini. Kwa wengine zinafaa, ila usukani wake unataka mikono na mabega, kugeuka kunataka nafasi kubwa, na asubuhi yenye watu mara nyingi zinaisha kabla hujafika dirishani. Kiti cha joistiki kinageuka karibu pale pale kiliposimama, kinaingia kwenye lifti, kinaingia mezani ukakaa na wanao uso kwa uso. Na ni chako, kimerekebishwa kwa mwili wako. Hilo la mwisho msilidharau, mtu akikaa masaa 10 kwenye kiti kisichomfaa anarudi na vidonda. Mama anayehitaji kushikwa kiwiliwili au asiyehisi makalio yake, huyu kiti chepesi cha kukunjika kinaweza kisimfae kabisa, aonwe na mtaalamu wa viungo kwanza.

Nirudi kwenye bustani zenyewe, maana hapa nina neno na wenye bustani pia, na naomba mhariri usilitoe.

Mwaka juzi, bustani moja ambayo siitaji jina, nilifika kwenye kivutio cha boti. Nikasimama, nikahama mwenyewe kutoka kwenye kiti kwenda kwenye boti, hatua 4 nazimudu. Mtu mmoja kwenye foleni akasema kwa sauti kumbe anatembea. Hilo nimezoea, linaniuma ila nimezoea. Kilichonikuta baada ya hapo sijakizoea. Boti ile mnapandia huku na kushukia kule, kwa hiyo mfanyakazi anatakiwa apeleke kiti upande wa pili. Hivi viti vina vishikio viwili kwenye mota, ukivigeuza mota inaachia, ni kama kuweka gari nyutro, kiti kinasukumika kwa mkono. Lakini kikiwa nyutro breki hakina, breki zake ni za umeme, zinashika pale mota ilipounganishwa. Mimi sikuulizwa kitu, mkanda wa boti ulikuwa umeshafungwa, naona kijana anahangaika na kiti changu, akakiweka nyutro akakisukuma, akakiacha kwenye mteremko akaenda kumsaidia mtu mwingine. Kiti kikaondoka chenyewe. Kilipita katikati ya watu, hakikumgonga mtoto namshukuru Mungu, kikajibamiza kwenye uzio wa chuma, mkono wenye joistiki ukapinda. Mimi niko kwenye maji naangalia.

Baadaye niliambiwa tunasikitika, na nikaulizwa kama naweza kutembea hadi ofisini kuandika maelezo. Hadi ofisini, kutoka pale. Nilikaa kwenye benchi hadi walipokuja na kiti cha kusukuma, na siku ile iliyobaki ilikuwa ni kusukumwa, watoto wamenyamaza, mume wangu anahema. Joistiki ilichukua wiki 3 kutengenezwa, wiki 3 hizo sikutoka nyumbani.

Simlaumu yule kijana, hakufundishwa. Nawalaumu waliomweka pale bila kumfundisha. Mfanyakazi akipewa kivutio anafundishwa mikanda, vyuma vya kushikilia watu, kitufe cha dharura, basi aongezewe dakika 10 za viti vya umeme: muulize mwenyewe kinasukumwaje kabla hajaondoka, ukikiweka nyutro usikiachie, kikifika kirudishe kwenye gia, usikinyanyue kwa kushika mkono wenye joistiki wala usikikunje bila ruhusa. Kiti changu ni miguu yangu, mtu hachukui miguu ya mwenzake bila kusema neno. Toka siku ile nimeandika karatasi kubwa nimeilaminisha, imefungwa mgongoni mwa kiti, ina mchoro wa vile vishikio na mshale, na mume wangu au mwanangu mmoja hapandi, anabaki na kiti. Lakini mara nyingi anayebaki ni huyo mwanangu, ana miaka 14 na yeye alikuja kufurahi, si haki.

Ila niseme pia pale ambapo bustani wako sahihi. Wakikuuliza kama unaweza kuhama mwenyewe, au kama kivutio kikizimika juu unaweza kushuka ngazi, sio ukorofi. Vivutio vingine vikikwama watu wanashushwa kwa miguu kwenye vijia vyembamba vya chuma, na yule asiyeweza lazima wajue mapema. Jibu ukweli. Mimi rolakosta kubwa siingii, shingo yangu haitaki, na sidai niingizwe. Ninachodai ni kile kinachowezekana. Na kinawezekana, sio ndoto. Kule Marekani sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, pamoja na viwango vyake vya ujenzi vya mwaka 2010, inataka vivutio vipya vingi viwe na nafasi ya kuingia na kiti chako, au siti iliyotengenezwa mtu aweze kuhamia, au kifaa cha kumhamisha. Kuna boti ambazo unaingia na kiti chako chote, kinashuka kwenye jukwaa na kufungwa. Kule San Antonio, Texas, bustani inaitwa Morgan's Wonderland, ilifunguliwa 2010, imejengwa tangu mwanzo ikiwafikiria watu wenye ulemavu, hata bembea la farasi la kuzunguka unaingia na kiti chako, na wageni wenye ulemavu hawalipi kiingilio. Mwaka 2017 wakaongeza bustani ya maji na humo wana viti vinavyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa badala ya betri, ili mtu asiache kiti chake nje kisa maji yanaua umeme. Nilipokisoma hicho niliweka simu chini nikakaa kimya, kwamba kuna mtu alikaa akafikiria na mimi nilowe kama wengine.

Na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006 uko wazi, ibara ya 30 inataja burudani, michezo na utalii kwa majina yake, na inataja watoto wenye ulemavu washiriki michezo sawa na watoto wengine. Kwa hiyo mtu akiniambia burudani ni ziada, kwamba tushukuru kwa hospitali na shule, namwonyesha hiyo ibara.

Kitu kingine ambacho hakuna tangazo linasema ni umati. Ukikaa uko usawa wa viuno vya watu. Watu wanatembea wanaangalia simu au wanaangalia juu kwenye mabembea, nafasi ndogo ya mita moja mbele ya kiti chako wanaiona ni njia ya kukatisha. Hivi viti vina mwendo wa kama kilomita 6 kwa saa, kwenye umati weka mwendo namba 1 au 2, mama azoee kuachia joistiki mapema, ukiachia tu kinasimama. Na kwenye foleni kizimwe kabisa, zima, maana mtoto wa watu ataona ile joistiki ni kama ya gemu ataisukuma, au begi la mtu litaigusa, na utamkanyaga aliye mbele yako bila kutaka. Fataki za usiku, muende mapema muulize sehemu ya viti, nyingi wanazo, la sivyo utaangalia migongo tu. Mteremko ushukwe polepole na moja kwa moja, na mtu atembee pembeni yake, sio nyuma akishika kiti, mkishika mnavutana na mota.

Basi kaka, nakurudia wewe. Usimnunulie mama kimyakimya ukamshtukiza uwanja wa ndege. Muulize kwanza, kuna wazee wanaona kiti ni kama kukubali kwamba wamekwisha, mimi mwenyewe nilikataa karibu mwaka mzima, na kilichonibadilisha ni dada mmoja mwenye hali yangu aliyeniambia nikikalie dakika 10 tu. Kama kuna mahali mnaweza kukodi kabla ya kununua, kodini. Mpelekeni sehemu pana isiyo na watu, namba 1, aende mbele, arudi nyuma, apite mlangoni, asimame kwenye mteremko, siku 3 au 4 zinatosha mkono ukazoea. Siku ya bustani mkishaingia getini msimpangie, mpeni simu, kubalianeni mahali pa kukutana, na akitaka kwenda kuangalia kitu upande mwingine mwacheni aende.

Msomaji wenu, mtumiaji wa kitimwendo